Ndewe au kidole? Lakteti imetuchezea shere kambini Kapchorwa

KochaMdogo_Sebei (Jumapili, saa 2 usiku)

Salamu kwa wote, wazee kwa vijana. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mimi ni kocha msaidizi wa kambi ndogo ya riadha huku Kapchorwa, Uganda. Tuna wakimbiaji 14, wengi wa mita 5,000 na 10,000, na wawili wanaoililia marathoni kabla ya wakati wao. Maabara hatuna. Tuna barabara ya vumbi, saa za mkononi, na mashine moja ndogo ya kupima lakteti (kile kinachomwagika kwenye damu misuli inapovunja sukari kwa kazi kali) ambayo mfadhili alituachia pamoja na maboksi matatu ya stripu, vile vipande vya kunyonyea tone la damu.

Februari tulipima. Mgeni aliyetufundisha alichoma ncha ya kidole. Mita 2,000 mara sita, kila raundi kasi kuliko iliyotangulia, kuanzia dakika 3:50 kwa kilomita hadi 3:00, na damu inatolewa kabla dakika moja haijaisha tangu mtu asimame. Kijana mmoja, nitamwita Elfu Kumi kwa sababu ndiyo mbio yake, alisoma 3.1 kwenye mwendo wa 3:30 na 4.2 kwenye 3:20. Tukapiga hesabu, mwendo wake wa kizingiti, yaani pale lakteti inapogusa 4, ukawa kama 3:22.

Juni tukarudia. Mgeni wa kwanza hakuwepo. Alikuja dada mmoja aliyesomea mambo haya, naye akachoma sikio, ile nyama laini ya ndewe. Barabara ile ile, asubuhi ile ile ya saa 12 na nusu, mashine ile ile. Elfu Kumi akasoma 2.6 kwenye 3:30, 3.6 kwenye 3:20, na 5.2 kwenye 3:10. Kizingiti kikawa 3:17! Kambi nzima ilishangilia. Kocha mkuu alimnunulia soda, na huyo ni mtu asiyenunua soda. Mazoezi ya Jumanne na Ijumaa yakapandishwa kwa sekunde tano kila kilomita.

Wiki ya tatu kijana alikuwa amekwisha. Miguu mizito, usingizi wa mang'amung'amu, na kwenye mbio za wilaya akapitwa na watu anaowaacha kila siku mazoezini.

Kocha mkuu akasema hizi mashine za mfukoni zinadanganya, twende kwa wataalamu. Tukamkimbiza tena kwa nguvu, kidole kikasoma 7.4 dakika tatu baada ya kusimama, na papo hapo muuguzi akamvuta damu ya mkononi, akaitia kwenye tyubu, mimi nikapanda nayo taksi hadi maabara moja Mbale. Jibu lilitoka jioni: 88.

Themanini na nane. Kidole kinasema 7.4, mkono unasema 88, sikio linasema kijana amekuwa simba, na kijana mwenyewe anasema amechoka. Nimwamini nani?

---

BodaWaStendi

88 hiyo ni ya marehemu, kaka. Ulipanda taksi na damu au na jeneza?

---

Tyubu_ya_Kijivu (fundi wa maabara, Mbale)

Tusicheke sana, huenda maabara haikukosea. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba. Mashine ya mkononi inasoma kwa milimoli kwa lita. Maabara nyingi za hospitali hutoa jibu kwa miligramu kwa desilita. Kwa lakteti, milimoli moja kwa lita ni takriban miligramu 9 kwa desilita, kwa hiyo 88 ukiigawa kwa 9 unapata karibu 9.8. Kijana yu hai.

Lakini 9.8 na 7.4 bado hazilingani, na hapo nina maswali matatu kwako, kocha. Kifuniko cha tyubu kilikuwa cha rangi gani? Ilikaa kwenye barafu? Na kutoka sindano hadi mashine ulipita muda gani?

---

KochaMdogo_Sebei

Karatasi ninayo hapa. Kweli imeandikwa mg/dL, nimeona aibu.

Kifuniko kilikuwa chekundu. Barafu haikuwepo, nilifunga tyubu kwenye leso nikaitia mfukoni. Muda: taksi ilingoja kujaa karibu saa nzima, halafu barabara, halafu foleni ya mapokezi. Tuseme saa tatu.

---

Tyubu_ya_Kijivu

Basi kesi imeisha, ila niieleze vizuri kwa sababu wengine watasoma.

Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli. Njia yake pekee ya kujipatia nguvu ni kuvunja sukari bila oksijeni, na kinachobaki ni lakteti. Ndani ya tyubu hazina habari kwamba zimeshatoka mwilini, zinaendelea na kazi yake kama kawaida. Saa tatu mfukoni, penye joto la paja, zimekula sukari na kutema lakteti njia nzima ya Sipi hadi Mbale. Ndiyo maana damu ya kipimo hiki hutiwa kwenye tyubu ya kifuniko cha kijivu, ambayo ina floridi ya kuzuia enzimu za kuvunja sukari, na bado tunaiweka kwenye barafu kwa sababu floridi nayo haishiki kazi mara moja.

Jambo la pili. Tyubu ya kifuniko chekundu haina dawa ya kuzuia kuganda, kwa hiyo maabara ilipima maji ya juu baada ya damu kuganda na kuzungushwa. Mashine yako ilipima tone la damu nzima. Ndani ya chembe nyekundu ukolezi wa lakteti ni kama nusu ya ule wa majimaji yanayozizunguka, au zaidi kidogo. Ukiziondoa chembe ukapima majimaji peke yake, namba lazima ipande. Mtu yule yule, sekunde ile ile, majibu mawili, na yote mawili ni sahihi. Kuna mashine za mkononi zinazotoa jibu la damu nzima, na nyingine zinaligeuza liwe kama la plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe. Soma kile kitabu chake kidogo ambacho kila mtu hukitupa na boksi.

Jambo la tatu, na hili ndilo kubwa kwa wakimbiaji: damu ya vena ya mkono (mshipa unaorudisha damu moyoni) si damu ya ncha ya kidole. Lakini sasa hivi zamu inaanza, nitarudi.

---

MzeeWaMbio

Nimesoma nikacheka peke yangu. Mwaka 1972 kule Munich, Akii-Bua, Mganda mwenzetu wa mita 400 viunzi, alipangiwa njia ya kwanza kabisa, ya ndani, ambayo hakuna mruka viunzi anayeitaka. Akakimbia 47.82, rekodi ya dunia. Nani alimchoma sikio? Kiprotich, Mganda mwingine, alichukua dhahabu ya marathoni London 2012. Mwili wa mkimbiaji unaongea, kocha. Kijana wako alikwambia amechoka, wewe ukamwamini mdudu wa betri.

---

KochaMdogo_Sebei

Mzee, hapo umenigusa penyewe. Alisema, na sisi tukamwambia "sikio limesema uko sawa".

---

Sekunde_Tatu_Iten

Naandika kutoka upande wa pili wa Mlima Elgon, Kenya, mnipokee jirani.

Mzee ana haki kuhusu kumsikiliza mkimbiaji, lakini hapa mashine haikudanganya. Mliuliza maswali mawili tofauti mkayaandika kwenye safu moja. Februari mliuliza kidole, Juni mkauliza sikio. Tafiti kadhaa zilizolinganisha sehemu hizi mbili kwa mtu yule yule zimekuta kidole kinasoma juu kidogo kuliko ndewe, hasa kazi inapokuwa kali. Nyingine hazikuona tofauti ya maana. Ila hata ikiwa ni nusu milimoli tu, tazama hesabu zako: pale kwenye 3:20, kutoka 4.2 hadi 3.6 ni pungufu ya 0.6. Hiyo 0.6 ndiyo iliyowanunulia sekunde tano kwa kilomita na soda moja.

Sisemi kijana hakuendelea hata chembe kati ya Februari na Juni. Nasema kwa data mlizonazo hamwezi kujua.

---

Kasia_Nyanza (Entebbe)

Uzi mtamu. Mimi ni wa makasia, huku ziwani. Kwetu kidole ni ndoto. Mikono ina malengelenge, imelowa maji ya ziwa, na imeshika kasia. Ukimwambia mtu aachie mpini akunyoshee kidole, umeshavunja mdundo wa kipimo. Sikio nalo sawa, lakini kichwa kinakwenda mbele na nyuma na mpimaji anakifuata kama anayekimbiza kuku.

Kwenye mashine ya makasia ya nchi kavu kuna wanaochukua damu kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu umefungwa pale pale, hauendi popote, na mpimaji anakaa chini anasubiri. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni utani. Wapo waliolilinganisha na sikio na kidole cha mkono wakaona linafaa, mradi usichanganye.

Swali langu kwa fundi wa maabara: kwetu mikono na mgongo vinafanya kazi kweli kweli. Ile vena ya mkono uliyoianza, kwetu inasomaje?

---

Tyubu_ya_Kijivu

Nimerudi. Kasia, swali lako ndilo mlango wa jambo lenyewe, asante.

Mfuateni mkimbiaji kwanza. Mapaja yanafanya kazi, lakteti inamwagika kwenye damu. Damu hiyo inarudi moyoni, inapita mapafuni, inasukumwa kupitia ateri kwenda kila mahali, mpaka mkononi. Sasa mkono wa mkimbiaji unafanya nini? Unabembea tu. Misuli yake inaipokea lakteti kama mgeni aliyekuja na zawadi, inaichoma kama kuni. Watu wengi bado wanaiita sumu au taka, wakati George Brooks wa Berkeley tangu miaka ya 1980 anaeleza kwamba lakteti husafiri kutoka seli inayoitengeneza kwenda seli inayoitumia: moyo unaila, misuli iliyopumzika inaila, ini linaigeuza kuwa sukari tena. Basi damu inapotokea upande wa pili wa mkono, kwenye ile vena ya kiwikoni ambayo wauguzi wanaipenda, imeshatozwa ushuru. Lakteti ikiwa inapanda kwa kasi, vena ya mkimbiaji inasoma chini ya ateri, tena inachelewa. Mwendo ukitulia kwa muda mrefu, pengo linapungua.

Mpiga makasia ni kinyume. Misuli ya mkono ndiyo inayotengeneza, na vena hiyo hiyo ndiyo mfereji wake wa kutokea. Kwa hiyo inaweza kusoma juu kuliko damu ya mwili mzima. Bondia vilevile, na mtu wa kiti cha magurudumu.

Ndiyo maana nasema vena ya mkono haipimi mwili mzima. Inapima mwili mzima ukijumlisha au kutoa yale yaliyotendeka kwenye mkono ule. Na muuguzi akifunga mpira muda mrefu na kumwambia mtu "kunja ngumi, kunja ngumi", anaongeza lakteti ya ngumi hizo.

Kidole na ndewe ni habari nyingine. Ngozi ya pale inapitisha damu nyingi kuliko inayohitaji kujilisha, damu inapita mbio bila kupata nafasi ya kubadilishwa sana. Sehemu ikiwa ya moto, damu ya kapilari, ile mishipa midogo kabisa, inakaribia ya ateri. Neno muhimu hapo ni moto. Asubuhi ya Kapchorwa saa 12 na nusu, vidole vya watu ni barafu. Mishipa imejifunga, damu haitoki, mpimaji anaanza kukamua kama anakamua ng'ombe, na anachopata ni damu iliyochanganyika na maji ya nyama na chembe zilizopasuka.

Sasa rudi kwenye ile 88. Vena ilivuta namba chini. Saa tatu mfukoni na kupima majimaji bila chembe vilivuta namba juu. Makosa yalisukumana, mshindi akawa mfuko wako wa suruali.

---

BodaWaStendi

"Imeshatozwa ushuru." Nitaitumia hiyo mpakani Malaba.

---

Afande_Glavu

Mimi ni mstaafu, nilikuwa nasaidia timu ya ngumi. Naongeza mambo mawili ambayo wasomi huyaruka.

Moja: glavu. Kila mtu kisindano chake, kikishatumika kinaingia kwenye chupa ngumu, hakirudi mfukoni. Homa ya ini B ipo, na tone dogo linatosha kuihamisha. Nimewahi kuona kambi ambayo kisindano kimoja kilizunguka vijana sita kwa sababu "vinaisha". Bora kipimo kisifanyike.

Mbili: jasho. Bondia anatoka ulingoni anachuruzika. Unachoma kidole, tone linachanganyika na jasho kabla stripu haijafika. Tulikuwa tunapata namba za ajabu, mtu anasoma 9 baada ya raundi ya kupasha moto.

---

Tyubu_ya_Kijivu

Afande, saluti. Jasho lina lakteti mara kadhaa kuliko damu, na ngozi ya kiganja na vidole ni shamba la matezi ya jasho. Halafu mashine za siku hizi zinataka tone dogo mno. Lactate Pro 2 inataka mikrolita 0.3 na inajibu kwa sekunde 15. Tunaisifu kwa hilo, lakini kadiri tone linavyokuwa dogo ndivyo jasho kidogo linavyoliharibu. Nadhani sehemu ya ule ujuu wa kidole dhidi ya sikio ni jasho tu, ingawa si yote.

Futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa, choma, tone la kwanza lifute kwa pamba kavu, pima la pili. Spiriti isipokauka nayo inaharibu.

---

DadaWaSteji (Kampala)

Mimi ni mkimbiaji wa 800. Naomba wapimaji mtusikilize na sisi tunaochomwa.

Kidole kinauma. Ukichomwa mara sita asubuhi moja, jioni huwezi kumenya matoke, na chumvi ikigusa utamkumbuka mpimaji kwa jina. Sikio haliumi hivyo, hata huoni sindano ikija. Lakini wengi wetu tumetoga masikio, na kuna mpimaji aliwahi kunichoma juu ya kovu la tundu la zamani, damu haikutoka, akachoma tena, na tena. Mwambie mtu avue hereni na uchome pembeni ya kovu.

Na kitu kingine: kwa mbio yangu msinipime sekunde nilipovuka mstari mkasema "4 tu, hakujituma". Baada ya 400 au 800 ya kufa na kupona lakteti inaendelea kupanda kwenye damu hata umelala chini. Kilele changu huja dakika ya tano hivi. Kuna kocha alinitukana kwa sababu ya namba ya dakika ya kwanza.

---

Sekunde_Tatu_Iten

Kweli kabisa, dada. Kwa jitihada za namna hiyo huchukuliwa damu mara kadhaa, tuseme dakika ya 3, ya 5 na ya 7, na kubwa kuliko zote ndiyo inayoandikwa.

---

KochaMdogo_Sebei (Jumamosi iliyofuata)

Nimefanya ambalo ningefanya Juni. Leo asubuhi wakimbiaji sita, mashine ile ile, wapimaji wawili. Kila raundi mmoja anachukua kidole, mwingine ndewe, tunapokezana nani anaanza ili kuchelewa kusiwe kisingizio. Tulibeba flaski mbili za maji ya moto, moja ya kuoshea na kuchovya vidole, nyingine ya chai. (Mtu mmoja alichovya vidole kwenye ya chai. Simtaji, ni kocha mkuu.)

Elfu Kumi, kwenye 3:20: kidole 3.9, sikio 3.5. Kwenye 3:00: kidole 8.1, sikio 7.0. Raundi za polepole tofauti ilikuwa ndogo, 0.1 au 0.2, na mara mbili zililingana. Watano kati ya sita walikuwa na sura hiyo hiyo, pengo linapanuka mwendo unavyopanda. Wa sita alitugeuza: sikio lake lilikuwa juu raundi mbili mfululizo, kisha likashuka. Huyo ana tabia ya kujifuta uso kwa shati lake na jasho linatiririka nyuma ya sikio. Nahisi ni hilo, siapi.

Halafu nikafanya jaribio la Afande. Mkimbiaji mmoja, baada ya raundi ya nne, tulipima kidole bila kukifuta: 6.8. Tukakifuta, tukakausha, tukatupa tone la kwanza, tukapima kidole kile kile: 3.4. Mara mbili kamili! Stripu iliyotumika hapo ilikuwa ghali, lakini kocha mkuu aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, na hilo kwangu ni thamani ya boksi zima.

Sasa swali langu la mwisho. Kati ya 3.9 na 3.5, ipi ndiyo lakteti yake ya kweli? Maana ile 4 tunayoisaka, nikitumia kidole anaigusa kwenye 3:19, nikitumia sikio anaigusa kwenye 3:16 hivi.

---

Tyubu_ya_Kijivu

Ukitaka hakimu, ni ateri. Na hakuna mtu atakayekuruhusu kutia sindano kwenye ateri ya kifundo cha mkono wa kijana wako barabarani Kapchorwa, wala mimi sitakuunga mkono.

Ila swali lako lina mtego. Unauliza "ipi inagusa 4 kweli" kama vile 4 ilichorwa na Mungu. Alois Mader na wenzake kule Ujerumani ndio walioileta mwaka 1976, kama mahali ambapo kwa wastani mwanamichezo anaanza kushindwa kuweka mizani kati ya lakteti inayoingia na inayoondoka. Kwa wastani. Kuna anayeshikilia 3 kwa saa nzima na hawezi 4, kuna anayekaa na 5 akizungumza. Na desturi ya Wajerumani ni damu ya sikio, tena sikio lililopakwa dawa ya kupasha ngozi joto dakika kadhaa kabla, kwa aina moja ya mashine na hatua za muda fulani. Wewe ukichukua namba yao ukaivisha kidole cha baridi, umevaa kiatu cha mtu mwingine.

---

Sekunde_Tatu_Iten

Mimi nisingetafuta 4. Ningechora mstari wa kila mtu na kutazama unapoanza kukunja kona, na ningetazama mwaka ujao kama kona imesogea. Mstari wa sikio una kona yake, mstari wa kidole una kona yake, na mara nyingi kona hizo zinakaribiana kimwendo hata kama urefu unatofautiana. Kinachoharibu ni kuruka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine.

Na usisahau chakula. Mkimbiaji aliyemaliza kilomita 30 jana na kulala na ugali kidogo, wanga umeisha misulini, leo atasoma chini kila raundi. Hiyo nayo inaonekana kama maendeleo. Juni mlipima siku gani ya wiki?

---

KochaMdogo_Sebei

Jumatatu. Jumapili ilikuwa mbio ndefu.

Februari ilikuwa Jumatano, baada ya siku ya kupumzika.

Mungu wangu.

---

BodaWaStendi

Kocha, ile soda irudishwe dukani.

---

MzeeWaMbio

Mimi nilikuwa nimekaa upande wangu, lakini hiyo ya jasho, 6.8 ikawa 3.4, imenisogeza. Swali la mtu mzima: mkichagua, mtachagua nini? Maana mkifika hapa na "inategemea" siwapi ndewe wala sikio.

---

KochaMdogo_Sebei

Mzee umeipatia mahali pake, wallahi.

Tumekaa jana usiku na kocha mkuu. Tunachukua sikio. Sababu zetu ni za huku kwetu. Asubuhi vidole ni baridi na hata maji ya flaski yanapoa kabla ya raundi ya tatu. Vijana hujifuta uso kwa mikono, kwa hiyo kidole hakina siku kitakuwa kikavu. Na wasichana wawili walisema wazi kwamba kidole wamechoka nacho, nikamkumbuka DadaWaSteji na matoke yake. Sikio la kulia kwa wote, pembeni ya kovu la hereni, linasuguliwa kwa kitambaa cha moto dakika mbili, linafutwa, linakaushwa, tone la kwanza linatupwa. Anayepima ni mtu mmoja, yule dada wa Juni, ambaye kumbe hakukosa kitu. Sisi ndio hatukumwambia Februari tulichoma wapi, naye hakuulizwa.

Siku ya kipimo ni Jumatano, baada ya Jumanne nyepesi, na chakula cha usiku ni kile kile kwa wote. Daftari nimeliongezea safu mbili: "mahali" na "alikula nini". Namba za Februari nimezikunjia ukurasa, hazilinganishwi na chochote. Juni nayo ilikuwa sikio lakini ya njaa, nimeiwekea alama ya swali.

Elfu Kumi tumemrudisha 3:22 kwa wiki tatu. Jana alimaliza mazoezi akaniuliza kama anaweza kuongeza raundi moja. Nikamkatalia.

---

Kasia_Nyanza

Kulia kwa wote? Na mwenye kulalia kulia usiku, sikio limebanwa?

---

Tyubu_ya_Kijivu

Kasia, mwache kocha apumzike. Kocha, stripu zimebaki ngapi? Na boksi linasema zinaisha muda lini? Zikikaa kwenye joto la dari ya mabati au kifuniko kikiachwa wazi, unyevu unaziharibu kabla ya tarehe.

---

KochaMdogo_Sebei

Zimebaki 19. Tarehe nimeitazama sasa hivi kwa tochi ya simu: mwezi ujao.

Kuna anayejua duka Kampala?

---

DadaWaSteji

Nitauliza Jumatatu. Nikizipata nitazituma kwa basi la Mbale, lakini usizitie mfukoni.